Binti yangu anang'ang'ania mbwa wa pili, anasema Simba ana upweke. Wenye mbwa wawili, naombeni uzoefu

#1 Mama_Ilazo
Habari za jioni wakuu.
Nina binti wa darasa la sita. Nyumbani tuna mbwa mmoja, Simba, dume la kienyeji. Aliyemlea ni kaka yake binti, ambaye Januari hii ameenda bweni kuanza kidato cha kwanza. Tangu kaka aondoke, Simba usiku analia ile sauti ndefu ya uuuu mpaka majirani wanauliza kuna nini. Binti akaniambia, "Mama, Simba yuko peke yake, tumletee mwenzake." Nikadhani yataisha.
Hayakuisha. Wiki iliyopita kaandika barua rasmi, anwani juu kulia kama walivyofundishwa, kwenda kwa Wazazi, YAH: OMBI LA MBWA WA PILI. Anasema Simba ana upweke, kuku wetu waliibwa banda la nyuma wakati Simba yuko getini, mbwa wa jirani amezaa na watoto wanatolewa bure, na hela yake ya Krismasi italipa chanjo. Baba yake kaandika "Imepokelewa" akasaini, halafu akasema mwenye uamuzi ni mama.
Swali langu: kweli mbwa akiwa mmoja anapata upweke? Na mbwa wa pili anaongeza kazi na gharama kiasi gani? Naomba majibu ya watu wenye mbwa.

#2 Kisonzo
Nimekaa siti ya mbele. Huyo mtoto mwanasheria kabisa.

#3 MzeeWaNkuhungu
Mama, mbwa wa kiume akilia usiku, tafuta jike lililo kwenye joto mtaani, yaani linalotaka dume. Hakuna upweke hapo. Dume linanusa jike kutoka mbali sana na halili wala halilali. Hilo jike la jirani ndilo linalomliza.

#4 BabaImani
#3 mzee wangu, soma vizuri. Jike la jirani limeshazaa. Jike lenye watoto haliko kwenye joto.

#5 MzeeWaNkuhungu
#4 Majike ya mtaa mzima yamekwisha? Dodoma hii mbwa ni wengi kuliko maji.

#6 Binti wa Pangani
Shikamooni wakubwa. Kwetu Pangani mtoto wangu naye aliomba mbwa, wa kwanza kabisa, siyo wa pili. Bibi yake akasema hapana, malaika hawaingii kwenye nyumba yenye mbwa. Mtoto akamjibu kwamba As-habul Kahf, wale vijana wa pangoni, walikuwa na mbwa na Qur'ani imemtaja. Bibi akakaa kimya, lakini mbwa hakuja. Nakuelewa kabisa dada. Watoto wa siku hizi wanakuja na hoja.

#7 Mnyamwezi Halisi
#6 Ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, wahenga walishasema. Muislamu kufuga mbwa ni haramu moja kwa moja, mtoto aelezwe mapema.

#8 Ibnu Salim
#7 Usiharakishe ndugu yangu. Hadithi zimetoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Anayefuga nje ya hapo ndiye hupungukiwa na thawabu kila siku, kirati (kipimo cha thawabu) moja katika riwaya moja na kirati mbili katika nyingine. Mbwa wa ulinzi wanazuoni wengi wamemweka kwenye kundi lile lile la haja. Sisi Mashafii kilicho kizito kwetu ni mate yake: chombo kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wenzetu wa madhehebu ya Maliki wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara, yaani si najisi. Kwa hiyo bibi wa Pangani angeweza kumkubali mbwa akae nje, bandani, alinde. Kumlaza kwenye zulia la sebuleni ni habari nyingine.

#9 Bwana Mifugo
Mama_Ilazo, mimi ni daktari wa mifugo, nilisoma chuo kikuu cha kilimo cha SUA, Morogoro. Kabla sijajibu naomba kujua mambo haya. Simba ana umri gani? Amehasiwa? Mchana anafungwa mnyororo au yuko huru? Analia saa ngapi? Ana kadi ya chanjo?

#10 Mama_Ilazo
#9 Asante daktari. Yuko kwenye mwaka wa nne. Hajahasiwa. Mchana tunamfunga mnyororo karibu na geti kwa sababu ya wageni, usiku tunamfungua. Analia zaidi kuanzia saa nne usiku, na alfajiri ikianza adhana. Kadi anayo, chanjo ya mwisho nadhani mwaka juzi.

#11 Bwana Mifugo
Basi tuanze na chanjo, maana hiyo haisubiri mbwa wa pili. Chanjo ya kichaa cha mbwa kawaida hutolewa akifika miezi 3, kisha inarudiwa kila mwaka. Simba amepitiliza, mpeleke wiki hii.
Kuhusu kulia. Mbwa ni mnyama wa kundi, hilo binti yako yuko sahihi. Lakini kwa mbwa wa nyumbani kundi lake ni watu. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana machoni, homoni ya oksitosini inapanda kwa wote wawili, homoni ile ile inayofanya kazi kati ya mama na mtoto mchanga. Simba alilelewa na kijana, kijana ameondoka ghafla. Ninavyoona mimi anamlilia mtu wake. Mkimletea mbwa mwingine anaweza kuchangamka, na mnaweza pia kujikuta na mbwa wawili wanaolia.

#12 Kamanda Mkolani
Mimi naona mnyororo ndiyo shida. Mbwa kufungwa kutwa nzima getini, jua la Dodoma, halafu usiku anafunguliwa na hakuna wa kumtembeza! Angekuwa na uzio wa kuzungukia mchana hata hiyo sauti msingeisikia. Sisi Mwanza tuliondoa mnyororo tukaweka banda la mbao lenye waya, mbwa akatulia. Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, watu wengi hawaijui.

#13 Mutua wa Machakos
Hamjambo jirani zetu. Huku Machakos wazee wangesema mbwa akilia hivyo kuna mtu atakufa. Mimi sishiki hayo. Mbwa wetu alikuwa analia usiku tukaja kugundua fisi wanapita nyuma ya boma. Hapo Dodoma pembeni ya mji fisi si wapo? Mwangalie nyayo asubuhi kabla ya kumlaumu mbwa.

#14 MzeeWaNkuhungu
#13 Wapo. Ihumwa huko wanasikika. Ilazo ni katikati ya nyumba, sijui.

#15 Kisonzo
Na hiyo ya adhana je? Wa kwetu adhana ikianza tu na yeye anaanza. Shangazi anasema anamwona shetani.

#16 Bwana Mifugo
#15 Sauti yoyote ndefu inayopanda na kushuka humwamsha mbwa kulia: adhana, king'ora cha zimamoto, kengele, hata honi ya treni. Sikio lake linapokea mitetemo hadi kama 45,000 kwa sekunde, la binadamu linaishia 20,000. Anaitikia sauti, kama ambavyo angemwitikia mbwa wa mbali.

#17 BabaImani
Turudi kwa mtoto jamani. Mimi nililetewa barua kama hiyo, na aliyeileta kwangu alikuwa kijana wa darasa la saba. Ahadi zote ziliandikwa: nitaogesha, nitapika, nitafagia banda. Kuku wangu walikuwa wanaibwa, nikakubali. Mwezi wa kwanza kazi ilifanyika kweli. Baada ya hapo anayepika ugali wa pumba na dagaa kila jioni ni mama yake, anayetoa kupe ni mimi, na kijana anapiga nao picha. Mbwa wawili ni sufuria kubwa, siyo sufuria ile ile. Ukiwa na dume la kienyeji la kilo ishirini na kitu na unaleta la pili, chakula kinaongezeka mara mbili, dawa ya minyoo mara mbili, dawa ya kupe mara mbili, chanjo mara mbili. Kinachobaki kimoja ni geti.

#18 Kamanda Mkolani
#17 Hamia Kanda ya Ziwa mkuu. Mapanki ya sangara unachemsha na dona, mbwa wananenepa.

#19 Binti wa Pangani
#17 Kaka, lakini mtoto wa kiume na huyu wa kike wa #1 huwezi kuwapima kwa kipimo kimoja. Huyu ameahidi mpaka hela yake ya Krismasi. Mpeni mtihani kwa Simba kwanza. Muhula mzima, Simba wote awe wake: chakula, maji, usafi wa banda, kupe. Akifika likizo ya Juni hajachoka, hapo mzungumze.

#20 Mama Wawili
Wakuu nimesoma yote na kuna kitu naona mnakipita. Kaka ameondoka Januari. Simba analia tangu Januari. Binti anaomba mbwa tangu Januari. Mpweke ni nani hapo? Nina watoto wawili, mkubwa alipoenda bweni mdogo aliacha kula vizuri na hakusema neno moja kuhusu dada yake. Alikuwa anasema paka anakonda. Dada yangu wa Ilazo, mkalishe huyo binti, muulizie kaka yake, usimuulizie mbwa.

#21 Mama_Ilazo
#20 Dada hii imenigusa. Hawa watoto walikuwa wanalala chumba kimoja mpaka darasa la nne. Sikuwa nimeliangalia hivyo. Nitaongea naye.

#22 Mwalimu wa Kondoa
#20 Naheshimu mawazo yako, ila mimi nafundisha watoto wa umri huo na nitasema tofauti. Simba ni mbwa wa kaka. Kaka ndiye aliyempa jina, ndiye anayetiiwa. Kaka akirudi likizo Simba atamkimbilia kaka, na binti aliyemlisha miezi yote atasimama pembeni. Anachotaka mtoto ni mbwa wake mwenyewe, amlee tangu mdogo, amjue yeye. Maneno ya upweke ameyachagua kwa sababu anajua mama atayasikiliza. Simwiti mwongo. Watoto hutafuta sababu ambayo mkubwa anaweza kuikubali. Angalia barua yake ilivyopangwa: huruma ya Simba mbele, kuku wa baba katikati, hela mwishoni. Anamjua kila msomaji wake.

#23 Berlini Kaskazini
Salamu kutoka Ujerumani. Huku mtoto akiomba mbwa wa pili, mzazi anafungua ukurasa wa kodi. Berlin mbwa wa kwanza unalipia euro 120 kwa mwaka, na kila anayeongezeka ni euro 180. Wa pili ni ghali kuliko wa kwanza! Binti yangu nilimwonyesha hizo namba, akaniambia atasubiri awe na kazi. Shukuruni.

#24 Mnyamwezi Halisi
#23 Kodi ya mbwa? Hapa wangelipia mbwa yupi, wakati wengi hawajulikani ni wa nani?
Mama, chukua huyo mtoto wa mbwa wa jirani sasa hivi, akiwa mdogo ndiyo anazoea nyumba. Na usihangaike na machanjo, mbwa wa kienyeji ana damu ngumu. Kichaa ni cha mbwa wa mitaani wakati wa jua kali. Akikuuma unapaka kitunguu saumu na pilipili, yanaisha.

#25 Bwana Mifugo
#24 Ndugu yangu, hapa naomba nisikike vizuri kwa sababu kuna mtoto nyumbani humo.
Kichaa cha mbwa ni kirusi. Hakiletwi na jua. Kinapita kwa mate, kwa kuumwa au kukwaruzwa, na mbwa wa kienyeji, wa kizungu, mkubwa au mdogo wote wanakipata. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Duniani wanakufa watu wanaokadiriwa 59,000 kwa mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15.
Pilipili na kitunguu hapana. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo, na urudi tarehe zote utakazopangiwa hata kama kidonda kimepona. Mmoja wa watu wa kwanza kupewa chanjo hiyo ya Louis Pasteur, Mfaransa aliyeigundua, Julai 1885, alikuwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, na alinusurika. Pasteur alifariki 28 Septemba, ndiyo maana tarehe hiyo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Halmashauri nyingi huchanja mbwa kipindi hicho, ulizeni kwa afisa mifugo wa kata. Na inawezekana kuumaliza: Pemba wameutokomeza kwa kuchanja mbwa, ulipoingizwa tena wakachanja tena ukaisha.
Kuhusu kumchukua sasa: hapana. Aachwe kwa mama yake mpaka wiki ya nane. Kwa mama na ndugu zake ndipo anapojifunza kutouma kwa nguvu.

#26 Mnyamwezi Halisi
#25 Nimekusoma daktari. Hiyo ya sabuni nilikuwa siijui.

#27 Kamanda Mkolani
Naongeza moja. Msichukue wawili wa uzao mmoja hata wakitolewa bure. Shemeji yangu alichukua ndugu wawili, wakaambatana wao kwa wao tu, wakiitwa hawaji, ukimtenga mmoja mwingine anatafuna mlango. Na ugonjwa wa parvo uliwapitia wote kwa pamoja, kutapika na kuhara damu, akabaki mmoja. Daktari aeleze, udongo wa pale ulikuwa bado una ugonjwa?

#28 Bwana Mifugo
#27 Kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui. Jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa thelathini, inafanya kazi kwenye sakafu, siyo kwenye udongo. Ndiyo maana mtoto wa mbwa huanza chanjo hiyo akiwa na wiki 6 hadi 8, akirudia kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Hela ya Krismasi ya binti ipigiwe hesabu upya, hapo siyo chanjo moja.

#29 Mutua wa Machakos
Hii nchi yenu mbwa wanabweka sana. Kongo wana mbwa wasiobweka, Basenji. Leteni huyo wa pili awe Basenji, majirani walale.

#30 BabaImani
#29 Habweki lakini kimya siyo. Anatoa sauti fulani kama anaimba kooni. Na huyo bei yake utauza shamba.

#31 Mama_Ilazo
Wakuu nimerudi. Nilikaa na binti jana. Nilimuuliza habari za kaka yake, alilia kidogo, kisha akaniambia, "Ndiyo nammis, lakini mbwa bado namtaka." Mambo mawili anayataka yote. Mwalimu wa Kondoa nilimuuliza na lako, akacheka akaficha uso, hakujibu.
Simba tumempeleka chanjo. Baba yake ameanza kuzungushia waya upande wa nyuma ili mchana asifungwe. Usiku bado analia, labda kidogo kuliko zamani, au masikio yangu yamezoea.
Watoto wa mbwa wa jirani sasa wana wiki mbili, wamefumbua macho. Wako watano. Binti ameshachagua, jike, na ameshampa jina Pili.

#32 MzeeWaNkuhungu
Wiki mbili? Mbwa anabeba mimba siku kama 63. Hesabuni nyuma. Hilo jike lilikuwa kwenye joto katikati ya Januari. Nilisema #3 mkanibishia! Simba alianza kulia Januari kwa sababu hiyo, kaka kwenda bweni ni bahati mbaya ya tarehe.

#33 BabaImani
#32 Sawa mzee, Januari nakupa. Machi hii anamlilia nani?

#34 Kisonzo
Ngoja kwanza. #10 mama amesema usiku Simba anafunguliwa. Jike la jirani liko kwenye joto. Uzio wenu ukoje mama? Hao watoto wana sura ya nani?

#35 Mama_Ilazo
#34 Uzio ni wa michongoma na una tundu. Watoto wawili wana kifua cheupe. Simba ana kifua cheupe. Pili ni mmojawapo.

#36 Mama Wawili
Jamani! Pili anakuja kuomba nafasi kwa baba yake.

#37 Mwalimu wa Kondoa
Basi binti ana hoja ya tano kwenye barua, na hajui bado. Msimwambie, maana akijua hamna mtakachomjibu.

#38 Bwana Mifugo
Cheupe cha kifuani siyo ushahidi, mbwa wengi wa kienyeji wanacho, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Lakini tuchukulie ndiye. Jike linaweza kuingia kwenye joto la kwanza kuanzia miezi 6, na baada ya hapo takriban kila nusu mwaka. Baba na binti bandani pamoja, mtapata uzao mbaya mapema sana. Mkimchukua Pili, Simba ahasiwe kabla Pili hajafikisha miezi 6, na hata baada ya kuhasiwa mtenge kwa wiki kadhaa, maana mbegu zilizobaki bado zinaweza kuzalisha. Au Pili mwenyewe afungwe kizazi. Mkichukua dume badala yake, tarajieni ugomvi wa chakula akianza kukomaa, vyombo viwe viwili na viwe mbali. Faida ya jike na dume ni kwamba hugombana kidogo kuliko jinsia moja. Majike mawili ndiyo mabaya zaidi, niamini.
Na kuhasi hakutamnyamazisha Simba kama anamlilia kijana.

#39 Berlini Kaskazini
Mwambieni kijana apige simu wikendi shule ikiruhusu, simu iwekwe sauti kubwa karibu na Simba. Huku watu wanafanya. Wengine mbwa wanatulia, wengine wanazunguka nyumba nzima wakimtafuta, inategemea.

#40 Mama_Ilazo
Asanteni wote. Likizo ya Pasaka kijana anarudi, tutaona Simba atalia au hatalia, halafu ndiyo niijibu barua. Baba yake anasema hata Simba akinyamaza, binti atasema ameona faida ya kuwa na mwenzake.

#41 Kisonzo
Mama, kwenye hao watano kuna dume jeusi? Kama hajachukuliwa mniombee kwa jirani. Niko Area C hapa hapa Dodoma, nitamfuata wiki ya nane kama daktari alivyosema, na kadi ya chanjo nitamkatia siku hiyo hiyo. Na mimi nina mtoto nyumbani, ila huyu hajui kuandika barua bado.